Jina la Kipepeo

Jenifer alianza kumshuku baba mkwe wake jioni ile alipomkuta mwanawe anamwogesha mdoli kwenye beseni huku akimnong'oneza, "Serurubele, gulugufe, shavishavi, hudie." Hakikuwa Kiswahili, hakikuwa Kinyakyusa, na Kijaluo ndiyo kabisa. Mtoto aliyatamka polepole, neno moja kwa kila kopo la maji, na akifika mwisho anaanza upya kwa mpangilio uleule.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Kwa babu."

"Maana yake nini?"

Tulia jina alipewa na ukoo wa baba yake, kutulia kwenyewe hakukujua, lakini safari hii alitulia kweli. Alimtazama mama yake, akatazama nyumba ya babu yake ng'ambo ya ua, akasema, "Babu kasema nisikwambie."

Sasa mwambie mama yeyote maneno hayo halafu umtake alale usingizi. Jenifer alimfuta mtoto mikono, akamwingiza ndani, akafunga mlango wakati jua lilikuwa bado halijazama.

Kumuuliza mzee mwenyewe hakukuwezekana. Mzee Asajile alikuwa ameshika ukutila, ile mila ya Wanyakyusa ya baba mkwe na mke wa mwanawe kukwepana. Wengi pale kijijini Kinyala wameiachia njiani, na mchungaji alikwisha kusema hadharani kwamba Mungu haiulizii, lakini mzee hakuiacha. Jenifer hakumtazama usoni, hakumwita jina, hakukanyaga kizingiti chake. Mzee akitaka kuvuka ua alikohoa kwanza ili mwenzake ajiondoe. Wakikutana njiani, Jenifer aliacha njia na kuipa migomba uso mpaka apite. Yeye ni Mjaluo wa Rorya, na hakuona ajabu, maana baba yake mzazi hakuwahi kula chakula mbele ya mama mkwe wake mpaka bibi huyo anazikwa. Tena aliposikia wateja wake saluni wanavyolia na baba wakwe wanaohesabu vijiko vya sukari, alijiona amepata bahati. Tangu aolewe, yeye na mzee hawakuwahi kusemezana. Chakula kilipelekwa na Tulia, salamu zilipelekwa na Tulia, na Nsajigwa mumewe alikuwa mtu wa barabarani, leo yuko Dar na ndizi, kesho yuko Dar na maparachichi.

Kwa hiyo alibaki na dawa ya wasioweza kuuliza, nayo ni kuchungulia.

Akachungulia. Na alichokikumbuka kwanza, akiwa amekaa pale dirishani, ni maswali ya Tulia. Yalikuwa yameanza zamani kidogo. "Mama, kwenu nyota mnaitaje?" Akajibu, sulwe. "Na mvua?" Koth. "Na maji? Na ziwa?" Pi, nam. Alikuwa amefurahi, wacha asifurahi! Nani pale Kinyala aliwahi kutaka kujua Wajaluo wanasemaje? Alidhani mtoto anamtafuta mama yake ndani ya maneno yale. Sasa akakumbuka kuwa kila alipojibiwa, mtoto hakukaa hata kidogo. Alichomoka mbio kuelekea ng'ambo ya ua huku midomo inacheza, asije akalidondosha njiani.

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umelala juu ya shamba, alimwona mzee anaingia migombani amevaa buti na koti lake la mvua. Hakuwa na panga wala jembe. Alisimama kwenye shina la kwanza, akaliwekea kiganja, akasema kitu. Akahamia la pili. Akasema kingine. Alipofika kwenye mgomba ulio karibu na jiko, Jenifer alisikia waziwazi.

"Sulwe."

Halafu mzee akacheka peke yake, kicheko kidogo cha raha, kama mtu aliyeonja mchuzi akaukuta umekolea. Akapiga shina kofi la upole, akasogea. "Koth," akauambia mgomba wa pili yake.

Sulwe ilikuwa nyota ya bibi yake Jenifer, aliyomwonyesha kwa kidole akiwa amembeba mgongoni, kule ambako usiku mtu anaona ziwa lote. Leo imetoka kinywani mwa mzee wa watu, imepigwa kofi kwenye mgomba. Akaitazama migomba ile kwa jicho jipya. Mbona mikungu yake mizito hivi? Mbona ugonjwa wa mnyauko umepita kwa majirani ukawamaliza, hapa haukugusa hata jani? Jambo likishaanza kukutia shaka, hata neema inakuwa ushahidi, na Jenifer ushahidi aliuona umejaa shamba zima.

Saluni yake ilikuwa Kyimo, kando ya barabara kuu, chumba kimoja chenye vioo viwili na tanki la maji nje. Mteja wake mkubwa alikuwa Winfrida, mke wa mwenye duka la jirani, mwanamke aliyejua habari za kila nyumba na asiyewahi, kwa kauli yake mwenyewe, kusema kitu.

"Yule mzee wako alikuwa dereva wa malori," Winfrida alisema huku akisukwa. "Malawi, Zimbabwe, Botswana, mpaka sijui wapi. Haya. Wenzake wote walirudi na mabati. Walirudi na majenereta. Yeye alirudi na nini?"

"Sijui."

"Mtu anazunguka nchi zote hizo, arudi mikono mitupu? Mama Tulia, wewe mtu mzima. Kuna kitu alirudi nacho."

"Kitu gani?"

"Mimi sijasema kitu. Suka taratibu, unanivuta."

Kulikuwa pia na Jaffari. Huyu alikuwa utingo wa mzee enzi za malori, sasa anauza vitenge sokoni Tukuyu. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipanda pikipiki yake mpaka Kinyala, wakakaa na mzee nyuma ya nyumba wakipeana maneno. Ndiyo, maneno. Jenifer aliwasikia kwa masikio yake akiwa amebeba ndoo: mmoja anasema kitu cha ajabu, mwingine anakirudia, wanapiga mapaja kwa kucheka. Walipomwona walinyamaza kama waliomwagiwa maji, na Jaffari akaanza kusifia hali ya hewa. Hali ya hewa ya Tukuyu, ambayo ni mvua juu ya mvua, mtu mzima anaisifia!

Siku chache baadaye Tulia alikuja jikoni akasimama kwa mguu mmoja.

"Mama, kwenu kipepeo mnamwitaje?"

Jenifer alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Nani anataka kujua?"

"Mimi tu."

Uongo ule wa mtoto ndio uliomchemsha. Mwanangu ananidanganya machoni, akajisemea, na aliyemfundisha yuko ng'ambo anasubiri. Kisu kikasimama mkononi, na neno likamjia lenyewe.

"Jajuok," akasema. "Kwetu kipepeo anaitwa jajuok."

Jajuok si kipepeo. Jajuok ni mchawi, yule anayekimbia uchi usiku kwenye miji ya watu na kuwatupia mchanga mabatini. Kwao Rorya humwambii mtu neno hilo usoni kama hujajiandaa kupigana naye au kuhama. Jenifer alipiga hesabu zake: kama mzee ni mchawi, akisikia ameitwa kwa jina lake, atashtuka. Na kama si mchawi? Upande huo hakuupigia hesabu. Tulia alilipokea neno kwa midomo yote miwili, akachomoka nalo mbio.

Kesho yake Jenifer aliamka kabla ya jogoo, akajibanza nyuma ya mlango wa jiko. Mzee akaja. Alipita migomba mingine yote bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye ule mkubwa ulio njia panda ya shamba, wenye shina la kukumbatiwa na watu wawili. Akavua kofia. Akaweka kiganja.

"Jajuok," akasema. Akalirudia kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti ya juu, akiuvuta mwisho wake kooni. "Jajuok!"

Hakushtuka. Alitabasamu mpaka pengo lake likaonekana. Na Jenifer, badala ya kusema basi, huyu hana neno, alijishika kifua akasema: Mungu wangu, kaitwa jina lake na amelifurahia.

Tangu hapo moyo wake ulifungwa. Mama yake mzazi alikuwa anakuja kutoka Rorya kuwaona, safari iliyokuwa ikipangwa na kupanguliwa muda mrefu, na Jenifer akaamua kimoyomoyo kwamba mama akirudi, atarudi na Tulia. Mtoto atasoma huko, atakua huko. Nsajigwa ataambiwa shule za huko ni nzuri. Kwa sasa alimhamishia mtoto kwa Winfrida pale Kyimo, kwa kisingizio cha kuwa karibu na saluni. Chakula cha mzee akawa anakiweka juu ya kigoda nje ya mlango, anakohoa, anaondoka.

Siku ya kwanza ya kigoda mzee alitoka, akatazama sahani, akatazama kulia na kushoto. "Tulia?" akaita. Alisubiri kidogo. Kisha akachukua sahani yake akaingia nayo ndani. Jenifer aliona yote hayo dirishani, na ukweli ni kwamba alijisikia vibaya, lakini alijisikia vibaya huku amekaza meno.

Siku ya mgeni ilikuwa Ijumaa. Nsajigwa alikuwa ameshuka Mbeya kumpokea mama mkwe wake stendi. Jenifer alipita saluni asubuhi kumalizia kichwa cha bibi harusi mmoja, na alipokuwa anafagia nywele, Jaffari akasimama mlangoni na furushi.

"Mama Tulia, samahani. Mzee kanituma nimletee kitenge cha kumpa mama yako, lakini nimeleta viwili, sijui anapenda rangi gani. Kijani au hiki cha njano?"

Jenifer akashikilia ufagio. "Mzee anampa mama yangu kitenge?"

"Kitenge ni kidogo hicho! Jambo lenyewe litakuwa lile la maneno." Jaffari alicheka, halafu akajipiga mdomoni. "Eh. Ilikuwa siri. Lakini si leo ndiyo leo, tena? Mtoto wenu kakaza mdomo kweli, hongera zake."

"Siri gani, baba Fahadi? Niambie."

Naye Jaffari, aliyekuwa amebeba siri ile muda mrefu kuliko uwezo wake, akakaa kwenye kiti cha wateja akaishusha. Alimweleza kwamba mzee maisha yake yote ana ugonjwa mmoja, ugonjwa wa maneno. Madereva wengine mpakani walitafuta nyama choma na mambo mengine ambayo hayasemeki mbele ya mama Tulia. Asajile alitafuta neno. Akifika nchi mpya, kabla hajauliza bei ya chakula, anauliza kipepeo wanamwitaje. Malawi wakamwambia gulugufe, akacheka nalo mpaka Lilongwe. Botswana wakamwambia serurubele, akasimamisha lori kando ya barabara ili alitamke vizuri. Zimbabwe, shavishavi. Mchina mmoja aliyekuwa akijenga barabara akampa hudie.

"Nikimuuliza, mzee, utayafanyia nini? Ananijibu, Jaffari, hivi husikii? Husikii linavyoruka?" Jaffari alitikisa kichwa. "Na haandiki. Anasema neno la kwenye karatasi limelala. Yeye kila neno analipatia mgomba wake. Mkungu ukikatwa, chipukizi linarithi jina, hivyo neno halifi. Asubuhi anapita kuyaamsha. Ukimwona utadhani kichaa."

Jenifer hakusema alichodhani.

"Sasa wewe ulipokuja," Jaffari akaendelea, "alitaka kuugua. Kijaluo! Hakifanani na lolote alilonalo, kimeingia mpaka uani kwake, na mila inamkataza kukuuliza hata salamu. Akawa anamtuma mtoto. Mama yako aliposema anakuja, akasema basi, mkwe wangu akishuka kwenye gari atasikia maneno ya kwao. Tumefanya mazoezi Ijumaa zote hizi. Atasema binti yako alikuja kwetu kama jajuok, ametua juu ya ua letu, na nyumba imependeza." Jaffari aliinua mkono akapepea vidole. "Jajuok. Hilo ndilo analolipenda kuliko yote. Amelipatia mgomba mkubwa."

Jenifer alikaa chini, juu ya nywele alizokuwa anafagia. Aliyaona yote kwa mara moja: mama yake anashuka, mzee anavua kofia, anamwambia mbele ya watu kwamba binti yako ni mchawi aliyetua kwetu. Mama yake hakuwa mtu wa kusubiri ufafanuzi. Angegeuza mguu hapohapo, na Rorya nzima ingejua kabla ya wiki kwisha.

"Mwambie asiliseme hilo neno," akasema.

"Kwa nini?"

Atasema nini? Kwamba alimwita babu wa mtoto wake mchawi kwa ulimi wa mtoto huyohuyo? Jaffari alimsubiri, alipoona hajibiwi akasimama na furushi lake. "Mimi si wa kumnyang'anya yule mzee neno, Mama Tulia. Kama lina tatizo, mtume mtoto amwambie, si ndiyo kawaida yenu? Mimi nakimbilia swala, nitakuja huko baadaye."

Mtoto. Winfrida alikuwa amemchukua asubuhi kwenda naye kwa ndugu zake huko Nkunga, warudi jioni. Na hata kama angekuwepo, Jenifer alijua asingeweza kumtia neno lile mdomoni mara ya pili, halafu amweleze kwa nini mara ya kwanza mama alidanganya. Akampigia mumewe. Simu ilipokelewa kwenye spika za gari, na sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mama yake akicheka na kumwita kwa jina lake la Kijaluo. "Akinyi! Tumeshaanza kupanda milima, masikio yananiziba!" Jenifer akauliza wamefika wapi, akaambiwa, akakata.

Bodaboda ilimfikisha Kinyala akiwa na kitana cha saluni bado nyweleni. Mzee hakuwa nyumbani. Kigoda kilikuwa mlangoni, na sahani ya asubuhi juu yake haikuguswa. Akapita jikoni akajitupia kanga kichwani, akaingia migombani.

Mzee Asajile alikuwa amesimama mbele ya ule mgomba mkubwa, amevaa koti la suti lililopigwa pasi. Aliposikia hatua alikohoa, akageuka upesi na kumpa mgongo, kama mila inavyotaka, akasubiri mkwewe ajiondoe. Jenifer hakujiondoa. Naye aligeuza uso, akautazama mgomba.

"Wewe mgomba," akasema. "Jina ulilopewa si lako. Mimi ndiye niliyelitoa, na si jina la kipepeo. Kipepeo anaitwa oguyo. Lile ni neno baya sana. Usilikubali, na mtu asiliseme leo."

Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Kisha mzee naye akaongea, si na yeye, bali na mgomba uliokuwa mbele ya pua yake.

"Gwe mgomba, mwambie huyo aliyekuja kwamba najua. Jana nimempigia Ezron, tuliendesha naye, sasa yuko Sirari, kaoa Mjaluo hukohuko. Nilitaka asikilize ninavyolitamka. Akacheka fijo, sana. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza nani kanipa."

Jenifer akafumba macho. "Akajibiwa nini?"

"Nikamwambia nimeliokota sokoni."

Hilo lilimchoma kuliko matusi. Alitamani mzee angefoka. Lakini mzee alikuwa anakwangua tope kwenye ganda la mgomba kwa ukucha, taratibu.

"Kila nchi wamenidanganya," akasema. "Ukiuliza neno, wengine wanakupa tusi ili ulitamke watu wacheke. Harare nilimsifia mama mmoja chakula chake, kumbe nimemtukana, akanimwagia maji ya vyombo. Sikukasirika. Wale walikuwa wanacheza. Lakini jana baada ya Ezron nikamkumbuka mtoto. Siku ile aliponiletea nilimuuliza, mama alipolisema alicheka? Akaniambia hapana, babu, mama alishika kisu."

"Na mtoto aliniambia babu kasema nisikwambie!" Jenifer alisahau mgomba, machozi ya hasira yakamtoka. "Mtu mzima akimwambia mtoto mdogo amfiche mama yake, mama afikirie nini? Mimi niko ugenini, mume wangu hayupo, nasikia mtoto wangu ananong'ona vitu nisivyovijua. Nifikirie nini?"

"Hapo nimekosa," mzee akauambia mgomba. "Nilifurahi mno, nikasahau kwamba mwingine haoni nilichofurahia." Akakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Naona mtoto anaondoka na bibi yake."

"Nani kasema?"

"Nguo zake zote hazipo kambani. Sikuhitaji kuambiwa."

"Haondoki, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mzee alisimama na neno lile kidogo, lakini alikuwa na jingine limemkaa moyoni.

"Na yale mengine?" akauliza. "Sulwe. Koth. Pi. Nam."

"Ni ya kweli. Yote ya kweli, naapa."

"Sikumuuliza Ezron hayo. Niliogopa." Akavaa kofia yake. "Sasa nitajuaje?"

Kutoka barabarani gari likapiga honi, ile ya Nsajigwa, na mzee akatangulia kutoka migombani bila kugeuka.

Mapokezi yalikwenda vizuri kwa mtu asiyejua kilichokuwa kimeandaliwa. Mama yake Jenifer alishuka, mwanamke mnene wa sauti kubwa, akamkumbatia binti yake, akauliza mjukuu yuko wapi, akaambiwa anakuja jioni. Mzee alivua kofia. Jenifer, aliyekuwa amerudi jikoni kwake, aliacha kila kitu akasikiliza.

"Karibu sana, mama," mzee alisema. "Pole na safari. Hapa ni kwenu." Akampa kitenge cha kijani kwa mikono miwili. Basi. Ni maneno ambayo mtu yeyote angemwambia mtu yeyote.

Waliketi barazani. Jaffari alikuwa amewahi kufika, amevaa kanzu yake ya msikitini, na alikuwa hatulii kitini. Alimgusa mzee kwa kiwiko. "Vipi, mzee? Yale maneno?"

"Yamenitoka," akajibu mzee.

"Yamekutoka? Yote?"

"Uzee, Jaffari. Kunywa maji."

Jenifer alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. Aliweka kimoja, akakitoa, akakiweka tena. Nje maongezi yalikuwa ya bei ya dagaa na hali ya barabara, maongezi ya wakwe wenye adabu wasio na la kuambiana. Mama yake akamjibu mzee ndiyo, mzee akamjibu ndiyo. Hivi ndivyo itakavyokuwa, alijisemea, mama ataondoka akasimulie kwamba amewakuta watu wema lakini wapole mno, na hatajua kamwe alichonyimwa, na aliyemnyima ni mimi.

Ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukavuka shamba la chai, ukaingia uani bila kubisha hodi. Mama yake, mtu wa joto la ziwani, alijikunja, akajifunika kitenge kipya mpaka shingoni.

"Yawa, koyo!" akasema.

Mzee aliinua kichwa. Alikuwa amejizuia vizuri mpaka hapo, lakini mwili una mambo yake. Midomo ilianza kucheza, ikalijaribu neno bila sauti, upande huu na upande ule. Kwa mazoea alitazama pembeni, mahali Tulia alipozoea kukaa. Hapakuwa na mtu.

"Amesemaje?" akauliza, bila kumlenga yeyote. Nsajigwa alitikisa kichwa. Jaffari akainua mabega.

Jenifer alikuwa amefika mlangoni na sinia. Kanga ilikuwa kichwani, macho yako chini kwenye vikombe, lakini alisema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa baraza.

"Koyo ni baridi, baba."

Nsajigwa alimgeukia mkewe mdomo wazi. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia sauti zile mbili katika mazungumzo mamoja. Mzee naye neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, anaonekana kabisa anavyolitamani. Halafu akamgeukia mgeni.

"Ni kweli, mama?"

"Kweli kabisa!" Mama yake Jenifer alicheka kwa nguvu, hajui lolote. "Koyo, baridi. Kwani mwanangu anaweza kukudanganya?"

Mzee Asajile aliutazama ukungu kidogo, akasema, "Koyo," na Jenifer akaweka sinia mezani akaanza kumimina chai.